Kitambaa cheupe peke yake hakiyafanyi maji yakawa salama

Ndugu Mhariri,

Assalaamu alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzetu ambaye wiki mbili zilizopita aliandika kwamba maji ya kisima yakichujwa kwa kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne hayana haja tena ya kuchemshwa wala kutiwa dawa. Nimefanya kazi ya maabara hapa Pemba kwa miaka kumi na tisa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuchuja. Naandika kwa heshima, kwani nusu ya aliyoyasema ni kweli, lakini nusu ya pili inanitia hofu, hasa wakati huu ambapo masika yanakaribia.

Nianze na iliyo kweli. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa mwanasayansi wa Marekani Rita Colwell na wenzake katika vijiji vya Bangladesh, ambako kina mama walichuja maji ya mito na mabwawa kwa sari kuukuu iliyokunjwa angalau mara nne, na wagonjwa wa kipindupindu wakapungua kwa asilimia 48. Matundu ya kitambaa kile yalikuwa ya takriban maikromita 20, na maikromita moja ni milimita moja iliyogawanywa mafungu elfu. Kijidudu cha kipindupindu upana wake ni kama nusu maikromita, kwa hiyo kingeweza kupita hapo bila hata kugusa ukingo. Kilichokizuia ni tabia yake ya kujishikiza kwenye wadudu wadogo wa majini waitwao kopepodi, ambao ni wakubwa kuliko matundu yale. Mdudu akikwama, kijidudu nacho hukwama pamoja naye. Nguo kuukuu ilifaa zaidi kuliko mpya kwa sababu nyuzi zake zimekwisha kuchanguka na kuyaziba matundu.

Sasa tutazame kisima chetu kilichochimbwa hatua chache kutoka choo cha shimo. Vijidudu vinavyoingia humo havikupanda mgongo wa mdudu yeyote. Vinaelea peke yao, na kitambaa hakiwezi kuvishika, kikunjwe mara nne au mara saba. Kila aliyekamua nazi anaijua kanuni hii. Kifumbu hubakisha machicha na kuliachia tui, wala hapana anayetarajia kwamba tui lililokwisha kutiwa chumvi litatoka kwenye kifumbu likiwa halina chumvi. Chujio halina hukumu nyingine isipokuwa ukubwa wa matundu yake na ukubwa wa kile kinachopita. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba maji yamechujwa, huwa namwuliza: yamechujwa kwa matundu ya kiasi gani?

Swali hilo nilijifunza kuliuliza kwa sababu ya tukio la mtaani kwetu. Mwaka juzi, katikati ya mvua, jirani yangu alikuwa akinunua maji kwa madumu kwa muuzaji aliyemhakikishia kuwa yamechujwa vizuri. Yalikuwa meupe kweli. Niliinyanyua glasi kwenye mwanga wa dirisha nisione hata chembe. Mjukuu wake alikuwa ameharisha kwa siku nne. Nilichukua mililita 100 za maji yale, nikayavuta kwa pampu kupitia utando mweupe wenye matundu ya maikromita 0.45, ambayo ni madogo kiasi cha kuvibakisha vijidudu vya kinyesi juu yake, kisha nikauweka utando ule juu ya chakula cha kuoteshea na kuuacha usiku kucha ndani ya inkubeta, yaani sanduku la kutunzia joto, kwa nyuzi joto 44. Asubuhi nilipofunua kisahani nilihesabu vidoa 41 vya manjano, kila kidoa kikiwa ni kizazi kizima kilichotokana na kijidudu kimoja au viwili. Muongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka kijidudu cha kinyesi kiitwacho E. koli kisionekane hata kimoja katika mililita 100. Sikumwambia jirani kwamba hayo ndiyo yaliyomwuguza mtoto, kwa sababu kipimo hicho hakisemi hivyo. Kinasema tu kwamba kinyesi kimeyafikia maji. Kwangu hilo lilitosha.

Katika maabara tunalichagua tundu kwa kukijua kwanza tunachokitafuta. Anayepima kichocho hapa visiwani huchukua mililita 10 za mkojo, akazisukuma kwa bomba la sindano kupitia kichujio chenye matundu ya kati ya maikromita 10 na 20. Yai la kichocho lina urefu unaozidi maikromita 100 na mwiba mmoja kwenye ncha yake, kwa hiyo hubaki, na chembe za damu hupita. Hapo tena mayai huhesabiwa kwa darubini, na yakifika 50 katika mililita hizo 10 maambukizi huitwa makali. Kazi hii inajulikana sana Pemba, ikiwamo katika Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyoko Wawi tangu mwaka 2000.

Hata figo, chujio alilotuumbia Mwenyezi Mungu, haliishii kwenye kuchuja. Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 kwa siku, zikizizuia chembe za damu na protini ya albumini zisipite, lakini baada ya hapo huanza kazi ya pili ya kurudisha mwilini maji, sukari na chumvi zinazohitajika, hata kinachotoka kikawa lita moja na nusu hivi. Mchujo ni hatua ya mwanzo, na ya majumbani kwetu ni vivyo hivyo.

Wako watakaosema kwamba maji ya kisima yamekwisha kuchujwa na ardhi. Mchanga huchuja kweli. Mwaka 1892 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,000 mjini Hamburg, Ujerumani, uliokunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja, na mji jirani wa Altona, uliochota mto huo huo tena upande wa chini, ukasalimika kwa kiasi kikubwa kwa sababu ulipitisha maji yake polepole kwenye mchanga. Lakini siri ya mchanga ule ni utando wa utelezi wenye uhai unaoota juu yake na kuvila vijidudu, nao unahitaji maji yaende taratibu. Sehemu kubwa ya visiwa vyetu, hasa uwanda wa mawe, ni jiwe la matumbawe lenye nyufa na mapango, ambamo maji ya mvua hushuka kwa kasi na kila yalichokizoa juu.

Kwa hiyo nashauri kitambaa kiendelee kutumika, kifuliwe na kuanikwa juani kila siku, kwani tope huvikinga vijidudu visifikiwe na klorini, ile dawa ya maji. Baada ya kuchuja, maji yatiwe dawa kwa kipimo kilichoandikwa, au yachemshwe hadi yatokote. Wenye mitungi ya chujio la kauri nao wasiache hatua hiyo, kwa kuwa virusi vya rota, vinavyowaharisha watoto, havizidi maikromita 0.1 na hupenya kauri nyingi.

Kwa wenye mamlaka nina maombi mawili. Kila chujio linaloingizwa sokoni liandikwe kwa Kiswahili ukubwa wa matundu yake, na kila anayeuza maji kwa madumu awe na cheti cha kipimo cha karibuni ambacho mteja au sheha anaweza kukiomba. Walimu wa sayansi wa skuli nao nawaomba, wanapofanya lile jaribio la kuchuja maji ya tope kwa karatasi, wasiyaite yaliyotoka chini maji safi; wayaite maji meupe.

Nawe Mhariri, nakuomba uichape barua hii kabla mvua hazijaanza, pahala pale pale ilipochapwa ile ya kwanza, ili walioisoma ile waione na hii.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa maabara,
Machomanne, Chake Chake, Pemba