Nyangumi wa kijivu wa mwezi wa nne

Neema shosti, za siku nyingi?

Nimefurahi mno kusikia unaenda California mwezi wa nne kuangalia nyangumi, hapo umepatia kabisa. Nyangumi wa kijivu Desemba na Januari wanakuwa wanashuka Baja California kule Mexico, ndo wanakozalia, na wanakuwa na haraka zao. Ila mwezi wa nne na wa tano wanaofunga msafara wa kurudi kaskazini ni mama na watoto, na hao wanaambaa na pwani kabisa, wanapita hadi kwenye mwani kwa sababu orka, wale nyangumi wauaji, wanawawinda watoto, kwa hiyo ukikaa tu kwenye mwamba wa Point Reyes au Point Vicente unawaona bila hata kupanda boti.

Sasa usitafute mwili, utachoka macho bure. Tafuta pumzi! Inaruka kama mita 3 au 4, na akiwa amekuelekea inagawanyika juu inakaa umbo la kopa. Akishapumua mara tatu nne hivi anainua mkia anazama, dakika 3 mpaka 5, we usiondoe darubini, angalia mbele ya pale alipozamia maana haishii hapo, anaendelea na safari. Mgongoni hana pezi, ana nundu alafu vinundu vidogo vidogo vinafuatana mpaka mkiani, na ngozi ina mabaka meupe ya vile viumbe vyenye magamba vinavyomganda, pembeni yake chawa wa nyangumi wamejazana. Upepo ukitulia na wakipita karibu utasikia pumzi yenyewe, fuuuh, nzito, alafu ya mtoto nyepesi inafuatia, yaani mimi hapo huwa nalia kabisa.

Wanahitaji huruma jamani. Mwaka 1994 Marekani iliwatoa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini, 2016 walikadiriwa kama 27,000, alafu kuanzia 2019 wakaanza kufa sana, wengi wamekonda, chakula chao cha chini ya bahari huko Aktiki kimevurugika, 2023 wakakadiriwa kama 14,500 tu. Mama anayepita hapo anakuwa amekaa miezi kadhaa karibu bila kula kabisa na bado ananyonyesha. Kwa hiyo ukiamua kupanda boti, chagua nahodha anayekaa mbali, kama mita 90 hivi, na asiyekatiza kati ya mama na mtoto.

Nenda asubuhi mapema kabla upepo haujachafua maji, vaa jaketi zito, na nitumie voisi ukiwa hapohapo juu ya mwamba, usisubiri urudi hotelini!

Wako, Rehema