Harambee ya matibabu ya binti yetu wa darasa la nne, Tandahimba

Habari zenu wazazi, walimu, na nyie wote mliosoma shule yetu mkatawanyika huko Dar, Masasi, Lindi na kwingineko. Kamati ya wazazi inawaomba hela, na tunaomba wazi bila kuzunguka. Binti yetu wa darasa la nne aliungua msimu uliopita bibi yake akiwa anakaanga korosho nyuma ya nyumba, na kila aliyewahi kukaanga anajua yale mafuta ya ganda yakishika moto kwenye bati yanavyoruka, basi yalimrukia shingoni, kifuani na mkono wa kulia. Jina tunalihifadhi, wanaomjua wanamjua. Kidonda kilifunga tukashukuru Mungu, ila kovu ndo limeanza kazi yake pale.

Sa hivi kidevu kimevutwa chini, mdomo wa chini umegeukia nje haufungi vizuri, mate yanamtoka akiwa anasoma hivyo anatembea na kipande cha kanga begani cha kujifutia. Kutazama ubao mpaka aegemee nyuma mwili mzima. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vimekunjika kiganjani, kalamu anaibana kwa gumba na ubavu wa kidole cha shahada, na mwandiko wake ni mzuri jamani, muulizeni mwalimu wake.

Daktari alitueleza hivi: moto ukiunguza juu juu ngozi inaota yenyewe, lakini ukila mpaka chini kwenye mizizi ya vinyweleo mbegu ya ngozi inakuwa imekufa, kidonda kinabaki kujifunga kwa kuvutana kutoka pembeni, na kovu la namna hiyo linaendelea kukaza kwa miezi mingi. Mtoto naye anakua, mifupa inarefuka kovu halirefuki. Ndo maana tunasema isifike msimu mwingine, viungo vya vidole vikishakakamaa kuvinyoosha inakuwa shughuli nyingine kabisa.

Kwenye kikao kaka mmoja aliuliza kwa nini tusingoje hii ngozi inayooteshwa maabara, kaiona kwenye simu. Ni kitu cha kweli, hakudanganywa. Mwaka 1975 kule Marekani James Rheinwald na Howard Green walionyesha namna ya kuzikuza seli za ngozi ya mtu kwenye vyombo vya maabara, na 2015 mtoto wa miaka 7 aliyekuwa amelazwa Bochum, Ujerumani, mwenye ugonjwa wa kurithi unaobandua ngozi, aliwekewa ngozi mpya karibu asilimia 80 ya mwili. Ilioteshwa Modena, Italia, na timu ya Michele De Luca, wakianzia na kipande cha sentimita mraba 4 tu, na seli zake wakaziingizia jeni nzima ya kufidia ile yenye kasoro. Mimi nikisoma hayo nasisimka kwa kweli, ni neema kubwa. Ila yule mtoto alikuwa hana ngozi nzima ya kutosha kuhamisha, ndo wakafika huko. Binti yetu mapaja yake yote mawili ni mazima.

Kwake yeye daktari atalikata kovu shingo ifunguke, halafu atachuna ngozi nyembamba pajani aiweke pale palipo wazi, na paja litapona lenyewe kwa kama wiki mbili kwa sababu mizizi ya vinyweleo inabaki chini inaotesha ngozi upya. Mkono vilevile. Inafanyika hapa hapa Tanzania, tunampeleka Muhimbili, na sababu mojawapo ni kwamba shingo iliyokunjika hivi inampa kazi hata mtu wa nusu kaputi, kupitisha mpira wa kupumulia kooni ni kazi ya aliyezoea.

Na wale mnaotuma kwenye grupu matangazo ya vidonge vya seli shina, yaani zile seli changa zinazoweza kuzaa seli nyingine, tunawaomba kwa heshima muache. Hakuna kidonge cha kumeza kinachofungua kovu lililokaza, bibi wa watu alishaanza kuulizia bei. Hela ya kopo moja leteni huku.

Tunatafuta shilingi 2,800,000. Operesheni siyo mwisho wa safari, ngozi mpya nayo inataka kukaza, kwa hiyo atavalishwa kola ya shingo na kibao cha mkono, atafanya mazoezi ya fizio, na mama yake itabidi apange chumba Dar si chini ya miezi miwili. Nauli, kodi, chakula na vitambaa vya kidonda ndo vinakula sehemu kubwa, na bima hawana. Wazazi wameshauza mbuzi wote.

Minada ya korosho imeanza, tunajua malipo yanachelewa, hivyo ahadi tunapokea, buku tunapokea, na asiye na hela alete korosho kilo mbili tatu, mweka hazina ataziuza kupitia chama cha msingi na risiti itabandikwa ofisi ya mwalimu mkuu. Namba ya kutumia hela ipo kwenye grupu la wazazi, mkituma andikeni jina la kitongoji ili tusichanganye. Kikao ni Jumapili saa kumi jioni chini ya mwembe wa shule, mzani utakuwepo.