Zimeni gari, mshuke: barua kwa wazazi wenzangu wa Mayo

Wanangu mnaolea watoto hapa kaunti ya Mayo, magharibi ya Ireland, wa Mombasa na Tanga, wa Bujumbura na Goma, hamjambo.

Nimeshika kalamu siku tisa nikingoja hasira ishuke. Haijashuka, basi nawaandikia nayo hivyo hivyo.

Jumanne ile tulimzika bibi wa klabu yetu ya mpira wa Kigaeli, ule mchezo wa jadi wa Ireland ambao mpira hushikwa kwa mikono na kupigwa kwa miguu. Simtaji jina kwa kuwa wenyewe ni watu wa kujisitiri, lakini nyote mnajua ni nani, maana hakuna mtoto wenu ambaye hajavaa jezi aliyoifua yeye. Tangazo lilisomwa redioni asubuhi na jioni, vile vile yanavyosomwa matangazo ya vifo kwetu. Watoto wa klabu walijipanga mistari miwili, wamevaa jezi, mvua inawanyea, jeneza likapita katikati yao. Nikahesabu familia zetu. Tuko kumi na moja zenye watoto pale. Zilikuja mbili.

Mmoja wenu nilipomuuliza alinijibu, "Shangazi, yule hakuwa mtu wetu."

Hebu kaeni niwaambie yule alikuwa nani.

Alikuwa msichana wa miaka 12 Mayo ilipochukua kombe la Ireland nzima mwaka 1951, na halijarudi tena. Tangu 1989 hadi 2021 tulifika fainali miaka kumi na moja, na kila mara kombe likaenda kwa wengine. Yeye alilia kila fainali, na Jumatatu yake akaanua jezi za watoto kambani kama kawaida. Alifua jezi za klabu kwa zaidi ya miaka arobaini. Mumewe alicheza, wanawe wanne wakacheza, wajukuu wanacheza, na mjukuu mmoja wa kike ndiye kipa wetu sasa. Hata sheria mpya za 2025 zilipokuja, ule mpira unaopigwa nje ya tao la mita 40 ukahesabiwa pointi mbili, aliyenieleza ni yeye. Alinichorea uwanja kwa kidole juu ya unga, pale pale mezani.

Meza hiyo ndiyo nataka muikumbuke. Nilipofika hapa na wanangu wawili sikujua mtu. Jumamosi ya kwanza nilisimama nje ya uzio na kanga yangu kichwani, nikijifanya nasoma simu. Akatoka jikoni, akanishika mkono, akanipa kisu na mkate. Hakuniuliza natoka wapi. Aliniuliza, "Watoto wako hula nini?" Nikamwambia nguruwe hawali. Tangu siku ile mpaka anafariki, kila mechi ya nyumbani ilikuwa na sinia la mikate ya mayai, limekatwa kwa kisu cha peke yake, limefunikwa, limewekwa mbali na nyama. Watoto wenu walikula sinia hilo miaka yote hii. Kuna kati yenu aliyewahi kuuliza nani amelitayarisha?

Na siku kijana wangu alipotukanwa rangi yake na mtu mzima aliyesimama pembeni mwa uwanja, mimi nilitetemeka tu. Bibi alivuka na fimbo yake, akasimama mbele ya mtu yule, pua kwa pua, mpaka mtu akaondoka uwanjani. Kisha akarudi jikoni. Huyo ndiye mnayeniambia hakuwa mtu wetu.

Wanangu, sisi tuna msemo unaosema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine wenu mna miaka kumi na tano hapa na jembe hamjalishika. Jumamosi nawaona. Gari linafika langoni, injini haizimwi, mlango unafunguliwa, mtoto anatupwa na mfuko wake, gari linaondoka. Saa moja baadaye linarudi, honi inapigwa. Ujumbe unatumwa kwenye kundi la simu kutafuta wawili wa kuosha vikombe, kimya. Lakini mtoto akikaa benchi, siku hiyo simu ya kocha haipumziki, na neno la kwanza ni ubaguzi. Ubaguzi upo, nimeuona kwa macho, nimewaeleza. Msiutumie kufunika uvivu.

Kocha yule halipwi. Katika GAA, chama cha michezo ya Kigaeli ambacho klabu yetu imo ndani yake, tangu kilipoanzishwa mji wa Thurles mwaka 1884, mchezaji hapati mshahara. Wale mnaowaona Croke Park, uwanja mkuu wa chama kule Dublin, mbele ya watu elfu themanini na kitu, kesho yake wanarudi kufundisha shule na kukamua ng'ombe. Mchezo kama huo husimama kwa mikono ya watu. Wenyeji wana neno lao, meitheal, majirani kukusanyika kumvunia mmoja wao. Watu wa Tanga mnalijua, kwenu ni msaragambo. Mbona kwenye harusi za kwetu tunajua kumenya vitunguu gunia zima bila kuitwa?

Kuna anayenijibu kwamba klabu ina baa na bahati nasibu. Usinywe, na tiketi usinunue. Kufua jezi si haramu.

Na wenyeji nao wana lao la kujibu. Picha za wanaume zimejaa ukutani pale klabuni, wanawake waliowalisha hawamo. Wanawake wa mpira iliwabidi waunde chama chao mwaka 1974, wale wa kamogi, mchezo wa wanawake wa kupiga mpira kwa fimbo, wana chao tangu 1904, na ndiyo kwanza sasa vyama vyote vitatu vinapanga kuwa kitu kimoja, lengo likiwa 2027. Bibi alisubiri maisha yake yote na hakuiona siku hiyo. Nimeiandikia kamati kuhusu picha yake. Nitaendelea kuwaandikia.

Mengine ni mafupi. Ada ilipwe mwanzo wa mwaka, na asiyenayo aseme mapema, atasaidiwa. Kinga ya meno ni lazima, mtoto asiachwe bila. Refa asitukanwe. Baba asiyejua mchezo anaweza kubeba maji. Ipo fulana yake, mgongoni imeandikwa maor uisce, yaani mbeba maji kwa Kiayalandi, na ni kazi ya heshima. Mtoto ajue majina ya wazee wa klabu.

Siku moja kabla Bibi hajapelekwa hospitali aliniita kwake. Alikuwa amejifunika blanketi, redio imewashwa chini chini. Akanionyesha mfuko wa jezi za wasichana chini ya miaka 14, amezikunja zote, moja haina namba vizuri, namba tisa, uzi umefumuka. Akasema macho yake hayaoni tena tundu la sindano. Nilishona pale pale, yeye akiniangalia.

Ufunguo wa jiko la klabu ninao mimi sasa. Jumamosi hii kuna mechi saa nne asubuhi. Lile birika kubwa huchelewa kuchemka, kwa hiyo saa tatu kamili nitakuwa mlangoni. Mayai ninayo. Nahitaji watu wanne na visu viwili.

Shangazi yenu