Kwa mdogo wangu anayesema "nasuka tu"

Mdogo wangu mpendwa,

Siku ya arobaini ya bibi, shangazi alikuuliza unafanya kazi gani, nawe ukamjibu, macho chini, kwamba unasuka tu. Hilo "tu" limenikera tangu siku ile, na kwa kuwa kwenye simu huniachi nimalize, nimeona nikuandikie hadharani.

Yuko msanii wa Marekani, Sonya Clark, aliyewaendea wasusi wa mji wa Richmond, Virginia, akawapa kazi mbili: kwanza kila mmoja amsuke kichwani apendavyo, kisha mkono uleule usuke tena, safari hii kwa uzi wa hariri juu ya turubai. Katika picha zilizopigwa, Clark ametupa kisogo ili njia za nywele zionekane, na anayetukabili ni msusi. Mwaka 2014 kazi hiyo ilipata tuzo kuu ya majaji katika mashindano ya ArtPrize huko Grand Rapids, na baadaye ikachukuliwa na jumba la sanaa la Boston.

Nilipoitazama nilikukumbuka ukimsuka mama twende kilioni, mtindo ambao jina lake lenyewe linasimulia haraka ya msiba. Uligawa njia kwa ncha ya kitana, kutoka pajini hadi kisogoni, bila kurudia hata moja. Na ulipofika penye lile kovu lake uliipindisha njia kidogo, ukalegeza mkono, kisha ukairudisha kwenye mstari kana kwamba ndivyo ilivyokusudiwa tangu mwanzo. Hakuna aliyekuagiza kufanya hivyo.

Clark huyohuyo alitengeneza sura ya Madam C. J. Walker, mwanamke Mweusi aliyetajirika kwa dawa za nywele, kwa kupanga vitana vyeusi 3,840. (Chako kimeng'oka meno mawili na bado hutaki kukitupa.)

Sidai kwamba ususi huwa sanaa pale tu jumba la makumbusho linapoukubali. Bibi alijua zamani. Kilichonigusa ni kwamba wasusi wale wametajwa kwa majina yao pamoja na jina la Clark, wala hawakufichwa nyuma yake.

Jumamosi nakuja unisuke. Nitapiga picha ya kisogo changu, na chini yake nitaandika jina lako kamili. Kama hutaki, niambie kabla sijapanda daladala.

Dada yako