Gari ya tabo ikitetemeka, si lazima tabo iwe imekufa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye gari za zamani za tabo (kifaa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi kusukuma hewa ya ziada kwenye injini) hapa Unguja na Pemba, hasa Subaru Forester za 2002 hadi 2007. Gari ikitetemeka kwenye sailensi (injini inanguruma bila ya kukanyagwa mafuta), mshale wa mizunguko ukawa unapanda na kushuka, jawabu la haraka gereji nyingi ni kwamba tabo imekwisha, itafutwe nyengine. Aghlabu si kweli. Injini ikiwa sailensi, moshi wa ekzosi ni mdogo mno kuizungusha tabo ikasukuma hewa ya maana. Tabo mbovu utaijua kwa gari kukosa nguvu ukikanyaga, kupiga mluzi au kutoa moshi wa buluu, si kwa kutikisika kwenye foleni ya Darajani.

Anza na mipira ya hewa. Sensa hupima hewa inayoingia, kompyuta ikatoa petroli kwa kipimo hicho. Mpira ukichanika baada ya sensa, injini hufyonza hewa isiyohesabiwa, petroli ikapunguka na silinda zikamisi (zikashindwa kuunguza petroli sawasawa). Tizama kiungo cha mpira baina ya interkula (kipozea hewa inayotoka kwenye tabo) na throtoli (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini), mipira midogo ya vakyumu, na ule unaokwenda kwenye busta ya breki. Kuna na bomba kubwa linalopita chini ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda) kuelekea kwenye tabo. Hilo wengi hawaligusi, kwa sababu halionekani bila ya tochi na kioo, na joto la miaka 20 limeshalikausha.

Kipimo cha uhakika ni moshi: ziba njia ya hewa, ingiza moshi kwa presha isiyozidi 1 psi, uone unapotokea. Kompresa ya kujazia upepo matairi usiiunganishe moja kwa moja, itafumua sili. Na hawa wanaopuliza petroli juu ya injini ya moto kutafuta panapovuja, wanachotafuta ni kuunguza gari ya mtu.

Mashine ya kompyuta nayo isiishie kusoma kodi, yaani namba za hitilafu. P0171 inasema tu kwamba petroli ni kidogo kuliko hewa. Fundi aangalie asilimia ya petroli ambayo kompyuta inajiongezea, kwanza kwenye sailensi, kisha kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Ikiwa ni 20 kwenye sailensi na ikashuka karibu na 0 kwenye 2,500, hewa inaingia mahali. Ikizidi kupanda kila injini inapobeba mzigo, shuku pampu, filta ya petroli au nozeli zinazopuliza petroli.

Silinda moja tu ikimisi, badilisha nafasi koili (inayoipa plagi umeme wa cheche) ya silinda 1 na ya 3, ziko upande mmoja. Misi ikihama, koili ni mbovu. Ikibaki pale pale, toa plagi (pengo lake kwenye tabo ni kama milimita 0.7 hadi 0.8), kisha nozeli, mwisho pima kompresheni, yaani mgandamizo wa silinda. Soketi za koili zifunguliwe pia. Kwa chumvi yetu ya bahari pini huota kutu ya kijani. Injini isiachwe ikinguruma muda mrefu koili ikiwa imechomolewa, petroli isiyoungua huua katalisti, kichujio cha moshi kwenye ekzosi.

Kabla ya kulipia tabo, mwenye gari adai zile namba mbili za asilimia ya petroli, ya sailensi na ya mizunguko 2,500, ziandikwe kwenye risiti.

Fundi wa magari,
Mwanakwerekwe, Unguja