Risala ya kikundi cha wanawake wa kandokando ya barabara, Mafinga, kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa meza kuu, wageni waalikwa na akina mama wenzetu, kamwene!

Sisi ni mama lishe wa barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma. Malori ndiyo yanayotulisha, na ndiyo yaliyowachukua baadhi yetu kwenye kazi ya kujiuza. Tunalisema wazi kwa kuwa miongoni mwa wanaotusikiliza hapa wamo walioifanya. Mwenzetu mmoja alikopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, ya laki mbili kuuguza mtoto. Rejesho ni la kila siku. Alipokosa, wakopeshaji wakabeba jiko, wakabeba magodoro. Siku ya nne ya kukosa rejesho ndipo alipopanda lori.

Mheshimiwa, tuliwaalika vijana wa chuo, wanamrengo wa kushoto, watusomeshe sheria. Wakagawanyika mbele yetu. Wengine walitetea sheria ya Sweden ya mwaka 1999: mnunuzi ashtakiwe, muuzaji aachwe, maana hiari ya mwenye njaa si hiari. Wengine wakataja New Zealand, iliyoacha kuihesabu kazi hiyo kuwa kosa mwaka 2003, wakisema mnunuzi anayeogopa polisi humvuta mwanamke gizani. Mama mmoja akawauliza, "Na mimi niliyechuma chai Mufindi mpaka mgongo ukapinda, hiari yangu ilikuwa wapi?" Hakupata jibu. Hata sisi hatujakubaliana mpaka leo, na hatuoni aibu kwa hilo.

Tulichokubaliana ni kwamba mwanamke asikamatwe. Kanuni ya Adhabu tunayoitumia ilianza kufanya kazi mwaka 1945, Mwingereza akiwa mtawala, na kifungu chake cha 176 kinamweka kahaba anayesimama hadharani kutafuta wateja katika kundi la wazururaji. Mteja anawasha lori anaondoka. Mwanamke anatoa faini, na usiku uleule anarudi barabarani kuifidia.

Tena lipo jambo lililotuuma zaidi. Marekani ilipotunga sheria ya fedha za UKIMWI mwaka 2003, ilitaka shirika linalopokea liwe na sera ya kupinga ukahaba. Brazil ikaziacha dola milioni 40 mwaka 2005. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani iliyaondolea mashirika ya kwao sharti hilo ili kulinda uhuru wao wa kusema, na mwaka 2020 ikaamua kwamba ya nje yanaweza kuendelea kubanwa nalo. Yaani Mmarekani ana uhuru wa kusema, na anayehudumia wanawake wa huku hana! Utafiti wa 2016–17 ulikuta maambukizi ya VVU ya asilimia 11.3 kwa watu wazima wa mkoa wetu wa Iringa. Sisi si Brazil. Dawa za fedha hizo hatuwezi kuzikataa. Vijana waliita huo ubeberu, na hapo kikundi kizima kilipiga makofi.

Mheshimiwa, tunaomba utufikishie mambo mawili. Ile asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa wanawake bila riba itufikie kabla kausha damu hajabisha hodi, na aliyewahi kukamatwa asirukwe. Pia mwenzetu akienda kituoni kushtaki kwamba amepigwa au amebakwa na mteja, apokelewe kama mlalamikaji. Wawili walikwenda mwaka huu. Wote wawili waliwekwa ndani.

Naomba kuwasilisha.