Pampu isiyojua kuwa gari limepinduka

Naivasha, Jumapili usiku

Ndugu yangu Baba Neema,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Picha za Datsun 160J yako zimenifikia, na bodi imenyooka kweli. Dereva Shekhar Mehta alishinda Safari Rally ya 1979 na ya 1980 kwa gari la aina hiyo, kwa hiyo naelewa kwa nini umelisaka miaka yote hii. Lakini picha moja inaninyima usingizi: ile ya pampu ya mafuta ya umeme uliyofunga karibu na tangi, waya wake ukitoka moja kwa moja kwenye swichi ya ufunguo.

Leo mchana nilikuwa mtu wa tatu kufika penye gari la rali lililopinduka. Magurudumu juu, vumbi bado halijatua. Injini ilikuwa imeshazimika. Dereva na navigeta, yule anayemsomea njia, walikuwa wananing'inia kwenye mikanda, wanaongea, nikamshukuru Mungu. Ndipo nikaisikia pampu. Ilikuwa inanguruma kama kawaida, na petroli ikidondoka kandokando ya bomba la moshi ambalo lilikuwa bado linachoma. Dereva alijua swichi kuu ya kukata umeme iko wapi, ila mkono wake ulikuwa umebanwa. Kishikio chake cha nje kilikuwa kimefukiwa na udongo. Kijana mmoja akapenyeza mkono dirishani akaizima. Hakuna aliyeungua, lakini mikono yangu ilitetemeka hadi jioni.

Pampu ya mwanzo ya Datsun ilisukumwa na injini yenyewe, hivyo injini ikifa na mafuta yanakoma. Ulipoitoa uliondoa kinga ambayo labda hukujua unayo. Na kabureta, kinachochanganya petroli na hewa, hukaa wima tu. Ikigeuzwa, petroli hutafuta njia kwenye matundu yake ya hewa, na pampu ya umeme inazidi kuongeza.

Nakuomba ufunge rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, inayosikiliza koili, kile kifaa cha kutoa umeme wa cheche za plagi. Koili ikiacha kupiga cheche, rilei inakata umeme wa pampu baada ya muda mfupi sana. Hiyo ndiyo ya kwanza, hata kabla ya matairi mapya.

Lakini injini inaweza kuendelea kuzunguka ikiwa kichwa chini, huku oili imeikimbia sampu, bakuli lake la chini ya injini, na beringi zinasagana kavu. Kwa hiyo ongeza swichi ya mshtuko, ile yenye kigololo cha chuma kilichoshikwa na sumaku: pigo kubwa likija kigololo kinachomoka na saketi inakatika. Ikate pampu na koili pamoja. Wengine wanaikataa kwa sababu barabara zetu zina mitaro, na ni kweli gari linaweza kuzimika baada ya kuruka. Ifunge kwenye chuma kigumu cha bodi, wima, mbali na bati linalotetemeka, na kitufe chake ukifikie ukiwa umefunga mkanda. Sekunde chache za kukibonyeza nazikubali. Ukiweka pia kihisi cha mlalo, kinachotambua gari likiinama au kupinduka, kipe ucheleweshaji kidogo, maana gari la rali huinama sana kwenye kona.

Swichi kuu usiiondoe. Kanuni za FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, zinataka izime injini pia, si kukata betri tu, na ifikike kutoka ndani na nje, alama yake ikiwa pembetatu ya buluu yenye radi nyekundu. Hiyo yako yenye vichwa viwili vya waya haitoshi, kwa sababu alteneta, jenereta ya injini, inaweza kuendelea kuilisha koili hata betri ikiwa imekatwa. Nunua ile inayokata vyote.

Kesho asubuhi, kabla hujafanya jambo lingine, washa ufunguo bila kupiga stata, usimame nyuma ya gari usikilize. Pampu ikiendelea kulia baada ya sekunde tatu, chomoa waya wake na usiliendeshe hadi nifike Jumamosi. Rilei nitakuja nayo.

Wako,
Baba Juma